Kumutafutia Christa Université Penye Kilio

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeanza kuandika. Émérance, jirani yangu, amesema kwenye robine, penye tunachota maji, mbele ya watu, eti mimi napindua maneno. Haya! Maneno yatalala hapa, tuone nani atayapindua. Masomo sikuenda hata siku moja. Herufi nilifundishwa na mama-sista wa parokia, nikiwa tayari na wajukuu. Zinatosha.

Jambo lenyewe ni hili. Mujukuu wangu Christa amepata diplome. Soixante-douze pour cent, sabini na mbili kwa mia! Nilimumwagia poudre ya furaha kichwani mupaka kuku wa Émérance akapita mweupe. Émérance akalalamika juu ya kuku. Wivu tu. Achille, mujukuu wake, naye alipita, lakini kwa pourcentage ile poudre yake ilitosha masikio.

Sasa université. Mama ya Christa, ndiye binti yangu Chance, yuko Bunagana na bwana yake Gentil, mambo ya douane kule mupakani. Wamepiga simu: mama, mutoto anaishi kwako, umusaidie kuchagua vizuri. Kuchagua! Mimi! Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena.

Christa anasema amekwisha kuchagua. Anataka ile Institut ya tiba ya wanyama, kule juu, barabara ya Rutshuru. Yesu Maria! Soixante-douze pour cent, halafu akasome kuhara kwa ngombe! Nikamwambia awe hakimu, awe daktari wa watu, watu nao wanahara. Akanijibu polepole kwamba watu wako na madaktari tayari, na ngombe wa Masisi wanakufa mbele ya wenyewe na hakuna anayejua juu ya nini. Kwamba tangu utoto anataka hiyo tu, hana nyingine. Macho yakajaa maji. Mimi macho ya Christa yananishinda. Haya, wanyama basi.

Lakini ile nyumba siijui! Mutoto hatolewi hivi hivi. Gentil alipokuja kuposa Chance, nilituma watu mupaka kwao wakaangalie: wanakula nini, wanasalimiana namna gani, mabibi wa ndugu zake wamenenepa ao wamekonda. Ndipo nikakubali. Na université ni ukwe tu. Unawapa mutoto na nguvu zake, wanamurudisha miaka mingi baadaye, ao hawamurudishi. Nani ameangalia jikoni yao? Hakuna!

Christa anasema hakuna wakati, concours, mutihani wa kuingia, ni Ijumaa ya juma lijalo. Wakati upo. Niachie mimi.


Jumanne, 9 Septemba

Nimekwenda Institut na karai yangu ya sambaza kichwani, vile visamaki vya ziwa ninavyouza, kama mutu anayepita tu.

Sentinele analinda mulangoni. Nikamwomba anionyeshe jikoni. Akasema hakuna jikoni, kuna laboratoire ya kupimia magonjwa. Nyumba bila moto! Nikamuuliza kama direkta anasalimia watu asubuhi. Akasema hiyo inategemea asubuhi. Nikamuuliza kama watoto wanaoingia pale wanatoka wote. Akasema hapana, wengine wanafukuzwa mwaka wa kwanza tu, wanarudi kwao.

Wanarudisha! Nyumba inayorudisha watoto wa watu!

Nikachungulia penye ukuta umebomoka. Vijana wenye makoti meupe wamemushika mbuzi. Mbuzi analia. Sikupenda. Sentinele akanifukuza, lakini alinunua sambaza kwanza.

Jioni Émérance alicheka mupaka akashika ukuta. Eti Achille wake alijiandikisha kwa telefone, amelala kitandani. Nikamwambia ndiyo maana wengi wanaoa wakiwa wamelala pia, na wanaamuka wakilia.


Alhamisi, 11 Septemba

Mungu anisamehe: bahati!

Radio imetangaza asubuhi. Profesa Onésime amekufa, ule mukubwa wa mambo ya ngombe, mwalimu wa kwanza wa Institut. Christa alilia. Alikuwa anamusikiliza kwenye radio tangu akiwa mudogo, anafundisha watu namna ya kumupa ndama dawa. Nikamukumbatia. Nikalia naye kidogo. Na huku namukumbatia, akili ikaanza kutembea.

Jamaa haionekani kwenye arusi. Kwenye arusi kila mutu amejipaka mafuta. Jamaa inaonekana penye kilio. Nani anabeba maji, nani anaficha nyama, nani anakula kabla ya mujane. Ile Institut nzima itakuwa pale, direkta na walimu na sentinele.

Nitakwenda kulia kwao. Christa sijamwambia. Angenikataza, na mimi kukatazwa kunaniumiza kichwa.


Jumamosi, 13 Septemba

Nimerudi. Miguu inawaka moto. Lakini nimeona!

Nilivaa kikwembe cheusi kiunoni. Kingine nikajifunika kichwa mupaka machoni, sababu muji muzima unanijua kwa sambaza. Nilifika nikilia. Kulia najua. Nimezika wengi mimi. Nikianza na mumoja, wengine wanakuja wenyewe. Machozi yalikuwa ya kweli kabisa, tu hayakuwa ya Profesa.

Watu wakanifungulia njia. Wakauliza kwa sauti ya chini nafasi yangu ni wapi. Nikatazama. Kwenye viti vya nje, chini ya bâche ya kuzuia jua, huoni kitu. Lakini ndani, kwenye mukeka karibu na sanduku la marehemu, kuna dirisha, na dirisha linatazama masufuria moja kwa moja. Nikakaa kwenye mukeka.

Mara mamama wawili wakanishika mikono ili nimuone marehemu uso. Na wakati ule ule jikoni wanaanza kugawa nyama! Nifanye nini? Nikageuzia sanduku mugongo, macho kwenye masufuria. Wakanivuta. Nikakataa. Nikajifunika zaidi ili nitazame vizuri bila kuonekana. Wakanivuta tena, nikatikisa kichwa. Mamama wakaniachia mikono, wakatazamana.

Nikafikiri: uchungu wangu umewagusa.

Nilichoona jikoni. Masufuria makubwa. Fufu ya mihogo, laini, haina mabonge. Sentinele alipewa nyama kabla ya wakubwa. Na mujane mwenyewe, Madame Charline, katikati ya uchungu wake, alituma mutu kuuliza kama vijana wanaobeba maji wamekula. Nikasema moyoni: hapa. Christa aingie hapa. Hawa wanaweza kufukuza mutoto, lakini watamufukuza ameshiba.

Halafu Christa akatokea mulangoni na mwavuli. Émérance ndiye alimwambia niko wapi, ule mudomo! Mamama wa kwenye mukeka wakamutazama Christa. Wakatazama picha ya Profesa na maua yake. Wakamutazama Christa tena. Mumoja akashika kinywa.

Nilijivuna sana. Mutoto muzuri, hata penye kilio wanamuona!


Siku ya Mungu, 14 Septemba

Émérance aliningoja nje ya kanisa. Alikuwa na furaha. Nikajua ni habari mbaya.

Akaniuliza kama mukatekumeni anayengoja ubatizo: mwanamuke anayejifunika kichwa, anayekaa kwenye mukeka karibu na maiti, anayekataa kumutazama mwanaume usoni hata ndani ya sanduku, huyo ni nani?

 Jibu nalijua. Nalijua kuliko yeye. Gentil, bwana ya binti yangu, mimi sijamutazama usoni tangu siku ya ndoa. Ni heshima. Nikiambiwa nimutambue katikati ya watu, nitatambua viatu tu.

Mama mukwe. Huyo ni mama mukwe!

Sasa mama ya Madame Charline alikwisha kufa zamani, na muji wote ulimuzika. Ndiyo sababu watu wanaulizana: huyu mama mukwe mwingine ametoka nyumba gani? Na kabla hawajamaliza kuulizana, msichana akaingia na mwavuli, na paji la uso kama la marehemu. Émérance anasema muji umekwisha kukata shauri. Profesa Onésime alikuwa na bibi wa pili. Na mutoto. Mwenye soixante-douze pour cent.

Nilicheka. Nilicheka mupaka kwenye kona ya barabara. Pale kicheko kikaniacha, nikaenda peke yangu.

Christa sijamwambia. Labda mvua itanyesha, watu watasahau.


Jumatatu, 15 Septemba

Mvua haikunyesha.

Christa alipeleka dossier yake Institut: diplome, bulletin, photo passeport, vyote. Akarudi navyo. Direkta Hilaire alitazama photo, akamutazama yeye, akafunga dossier. Akamwambia mambo ya jamaa kwanza, concours baadaye. Arudi na wale waliomutuma.

Huyo Direkta Hilaire ni kaka mukubwa wa Madame Charline. Sikujua! Mutu anakwenda kuchunguza ukoo, ukoo unamuchunguza yeye.

Christa hakuelewa kitu. Kijana mumoja kwenye mustari ndiye alimuambia, tena kwa upole, akamupa pole ya kufiwa na baba.

Alipofika aliniuliza neno moja tu, mimi mama ya mama yake: Koko, ulifanya nini? Nikamujibu kweli: nilikuwa naangalia masufuria. Akacheka kidogo, namna mutu anacheka akijikwaa. Halafu akalala, akageukia ukuta. Nikamupikia ndizi, hakula. Nikamupikia maharagi, hakula. Nikamupikia sambaza za kukaanga, na hizo hajawahi kukataa tangu kuzaliwa. Akakataa.

Basi nimeapa. Kesho nitakwenda kwa Direkta, nitasema kila kitu wazi. Ijumaa mutoto huyu atakaa kwenye ile concours, hata nikipita nimembeba mugongoni.


Jumanne, 16 Septemba

Nilikuwa nimekwisha vaa viatu. Naandika hivyo ili ijulikane. Viatu vyote viwili.

Mara hodi. Wazee wa upande wa Profesa Onésime, wamevaa makoti, na mbuzi. Nikawakaribisha. Huwezi kumuacha muzee amesimama na mbuzi.

Mukubwa wao akasema polepole sana. Mutoto wao Onésime alikufa bila kuacha hata mutoto mumoja. Nyumba isiyo na mutoto inajifunga yenyewe. Lakini wamesikia kwamba Mungu alificha kaa la moto ndani ya majivu. Hawakuja kugombana. Wamekuja kuuliza. Kama mutoto ni wao, watamushika kwa mikono miwili. Na kuhusu masomo, nisihangaike: Institut imejengwa juu ya udongo wa jamaa yao. Wakisema neno kwa Direkta, mutoto anaingia siku hiyo hiyo. Concours ya nini?

Yesu Maria.

Wakanitazama. Wakauliza: mama, ni wetu?

Nikakohoa.

Wakangoja. Wakauliza tena. Nikakohoa tena, nikaleta maji ya kunywa. Mwisho nikasema: mutoto ni wa Mungu. Hakuna uongo pale! Muulizeni padiri!

Muzee akalia. Akanishika mikono yangu miwili. Nilijisikia mubaya kidogo hapo, nakubali. Lakini nikafikiria Christa amevaa koti jeupe, na ubaya ukapungua.

Wameacha mbuzi. Viatu nimevua.


Jumatano, 17 Septemba

Mbuzi amekula kamba ya nguo na shati moja la Achille. Émérance alikuja na mabaki ya shati. Nikafikiri ni vita ya shati. Hapana. Alikaa, akanitazama kwa huruma. Huruma ya Émérance! 

Akasema: Mama Cibalonza, fikiri. Kama Profesa ni mukwe wako, alikuwa na binti yako gani?

Niko na binti mumoja. Chance.

Sikuwa nimefika pale na akili.

Émérance akaendelea. Chance ana bwana. Bwana yuko Bunagana. Bunagana kuna radio, kuna simu, kuna madereva wa hapa Goma wanashuka kila siku na midomo yao.

Nilipiga simu kwa Chance haraka. Simu ikaita. Akashika. Hakunisalimia. Alisema tu: tunakuja. Akakata.


Alhamisi, 18 Septemba

Wamekuja.

Nilisikia gari ya Bunagana ikisimama, nikaingia chumbani, nikashusha pazia. Chini ya pazia nikaona viatu vya Gentil na udongo wote wa njiani. Viatu vilikuwa vimekasirika. Vinakwenda, vinarudi.

Mimi siwezi kutoka, yeye ni mukwe. Yeye hawezi kuingia, mimi ni mukwe. Basi tukaongea kwa kupitia Chance, na kila mutu anasikia kila kitu.

Mwambie mama yako anieleze huyo Profesa alikuja Bunagana mwaka gani.

Mwambie bwana yako Profesa hakuja Bunagana mwaka wowote.

Mwambie mama yako, basi wewe ndiwe ulikuwa unashuka Goma.

Hapo Chance akaacha kupeleka salamu. Akalia kwa sauti kwamba yeye hajawahi kujua profesa yeyote, wa ngombe wala wa bata. Kwamba amezaa mutoto na bwana yake ndani ya ndoa ya padiri, na leo mama yake mwenyewe amemuoza kwa maiti. Kwa maiti! Nikataka kutoka nimukumbatie. Nikaona viatu. Nikarudi.

Na wakati huo huo, hodi. Wazee! Wamekuja kumusalimia mama ya mutoto. Muzee mukubwa akamwona Chance, akamwita binti yangu. Gentil akamwona muzee. Gentil akamwona mbuzi. Akauliza huyu mbuzi ni wa nini. Muzee akajibu kwa adabu kwamba ni wa kumutambua mutoto wa marehemu.

Gentil akashika kamba. Wazee wakashika mbuzi. Mbuzi akashika njia yake, akaingia chumbani, chini ya pazia, akaja kusimama na mimi. Mimi na mbuzi tukatazamana. Nje watu wa kartiye nzima wamejaa. Émérance alikuja na kiti chake!

Na ndipo Chance akauliza: Christa yuko wapi?

Kitanda kitupu. Sandali hazipo. Dossier haipo. Wote wakasimama pale pale, hata viatu.


Ijumaa, 19 Septemba

Naandika alivyonieleza Christa mwenyewe, sitaongeza kitu.

Jana, kabla baba yake hajafika, alikwenda peke yake kwa mujane. Akapiga magoti penye mukeka. Madame Charline hakumupa mukono. Christa akaeleza yote. Kwamba yeye ni mutoto wa Gentil, wa Bunagana. Kwamba koko yake hakumujua Profesa hata kwa jina mupaka radio ilipotangaza. Kwamba koko anaamini université ni ukwe, na alikuja kuchunguza kama hapa wanakula vizuri. Kwamba alipogeuzia sanduku mugongo, macho yalikuwa kwenye nyama.

Madame Charline alimusikiliza mupaka mwisho. Halafu akauliza: alisema nini juu ya fufu?

Christa akasema: alisema haina mabonge.

Mujane akacheka. Mamama wakamukimbilia, wakafikiri akili imeondoka. Akacheka mupaka akalia, na alipolia hakuacha haraka. Akasema tangu siku ya mazishi alikuwa anagombana na bwana yake ndani ya kaburi. Kila akitaka kumulilia, anaona ule mugongo wangu. Hata kumulilia bwana yake nilimukataza.

Hapo niliinuka. Nilikwenda kuosha masufuria yaliyokuwa safi.

Madame Charline akamupigia kaka yake simu. Akasema msichana asipewe nafasi na asinyimwe nafasi. Akae kwenye concours kama wengine, ajibu kama wengine. Na wazee wa upande wa bwana yake, atawaambia yeye mwenyewe.

Leo asubuhi Christa amekwenda. Amevaa sketi ya kanisani. Nilitaka kusimama karibu na ule ukuta uliobomoka nimupigie kelele za nguvu. Chance akafunga mulango na kufuli. Nikaenda dirishani. Chini ya dirisha, viatu.

Nimesali rozari muchana muzima. Mbuzi alikuwepo.


Jumatatu, 22 Septemba

AMEINGIA!

Christa amepita concours! Bila muzee, bila udongo wa mutu, bila kikohozi. Sentinele ndiye alileta habari kwa simu, bado ananikumbuka kwa sambaza. Nilimwaga poudre yote. Nilimwaga na unga wa mihogo. Chance alicheka, alikuwa hajacheka tangu afike. Hata Gentil alipata poudre, kutoka nyuma, bila kutazamana.

Madame Charline ametuma maneno. Kwamba nyumbani kwake niko mugeni siku yoyote, nije nile ile fufu. Lakini kwenye mulango wa Institut, nisionekane mupaka Christa amalize. Sentinele ameagizwa. Nimekubali neno la kwanza.

Wazee walikuja kuchukua mbuzi wao. Hawakukasirika, na hiyo ndiyo iliniuma. Muzee mukubwa alisimama na kamba mukononi kama mutu aliyesahau njia. Christa akamusindikiza mupaka barabarani. Nilisikia akimwambia kwamba akimaliza masomo, mbuzi wake ndio atatibu wa kwanza, na kabla ya hapo atakuja kumusalimia tu, Siku ya Mungu, kama mutoto wa jirani. Muzee akasema mutoto wa jirani pia anawasha moto. Nikapangusa macho na kona ya kikwembe. Moshi.

Chance na Gentil wamerudi Bunagana. Gentil aliniachia sukari kwenye kizingiti. Mukwe muzuri. Nilimuchunguza vizuri.


Alhamisi, 25 Septemba

Nimefikiri sana juu ya mambo haya yote. Mutu lazima ajifunze.

Nimejifunza hivi: nilikuwa na haki. Nani alisema ile nyumba ni nzuri? Mimi! Na ni nzuri ao si nzuri? Wengine wote walichagua kwa makaratasi, mimi nilichagua kwa macho. Kosa lilikuwa moja tu, nilianza na mutu aliyekufa. Marehemu hawezi kusimama akasema huyu mama simujui. Kosa ni lake nusu.

Jana jioni Émérance alikuja na avoka kwenye kikapu, anaongea chini chini, anatazama nyuma kama mwizi. Kumbe Achille amejiandikisha kwenye université mbili na hajui aingie ipi. Analia nyumbani, hali chakula. Hiyo ndiyo faida ya kulala na telefone! Émérance akasema: wewe uko na macho, Mama Cibalonza. Émérance! Aliniomba! Nikamufanya arudie.

Achille ni mutoto wetu wa kartiye. Nitamuacha apotee? Hapana.

Nimeuliza huku na huku. Rekta, mukubwa wa ile université ya kwanza, yuko hospitali, amevunjika muguu. Muzuri sana! Mugonjwa ni bora kuliko marehemu. Mugonjwa ana watu wanaomuletea chakula, unaona wanaleta nini. Unaona nani anakaa na nani anaangalia saa. Na yeye mwenyewe hawezi kukimbia.

Leo muchana nimekwenda na thermos ya uji. Infirmière wa kuangalia wagonjwa akaniuliza niko nani wa mugonjwa. Lazima useme kitu, bila hivyo hawakuachi upite. Nikasema niko shangazi yake, upande wa baba, nimetoka mbali.

Rekta akafungua macho. Akanitazama. Machozi yakamushuka. Akasema: shangazi, kumbe uko muzima! Nisamehe juu ya lile shamba la Rutshuru.

Nikakaa kwenye kitanda. Nikamushika mukono. Nikamwambia nimemusamehe.

Kesho ataita ndugu zake wote. Nitaona namna wanavyosalimiana.